Sungura wa mbegu safi kwa Bwana Mifugo, Ganda: maoni ya mteja wake

Nianze na swali ninaloulizwa sana dukani, kama sungura wa Bwana Mifugo wana thamani ya bei yao: ndiyo, wanayo. Jike wa New Zealand White wa miezi mitatu nilimchukua kwa shilingi 2,500, na dume wa California White kwa 3,000. Mjini Malindi utapata sungura mweupe kwa 800, na muuzaji atakuapia kwamba ni New Zealand. Kwa kitoweo atakufaa. Lakini kama unamtaka sungura ambaye babake anajulikana, babu yake anajulikana, na ukimpandisha unajua utapata watoto wa namna gani, basi nenda Ganda kwa Bwana Mifugo. Upande wetu huu, kuanzia Watamu mpaka Mambrui, sijaona anayemfikia.

Jina hilo limemkaa kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya serikalini mpaka akastaafu, na watu hawajaona haja ya kumwita vingine. Mie humwita Baba. Nauza leso na madira mjini, na nyumbani Shella, hii ya hapa Malindi, nina ua wenye mkungu mkubwa wa kivuli. Chini ya mkungu huo ndiko waliko sungura wangu. Nasema haya ili anayesoma ajue kwamba sina shamba wala mfanyakazi, nina ua tu na saa za alfajiri kabla ya kufungua duka, na bado mambo yanakwenda.

Kufika si kazi. Panda tuktuk mpaka Ganda, uliza kwa Bwana Mifugo wa sungura, kijana yeyote wa bodaboda atakuingiza ndani. Bango hakuna. Utaona miembe, kisha banda refu la makuti lililo wazi pande mbili upepo upite. Vizimba vimepangwa safu moja, havikubebeshwa kimoja juu ya kingine, na kila mguu wa kizimba umesimama ndani ya kopo lenye oili chafu kwa ajili ya siafu. Siafu wakimpata jike aliyezaa usiku, asubuhi hukuti kitoto hata kimoja. Chini ya sakafu za waya kuna mabati yaliyolazwa kwa mteremko, mkojo unatiririka mpaka kwenye mtungi, na wakulima wa mboga wanakuja kuununua wakaupulizie mimea yao. Ndiyo maana banda halinuki. Nimeingia humo kwenye joto la kaskazi, mchana, nikakaa bila kuziba pua.

Makuti yale nayasifia kwa sababu maalumu. Sungura hatoki jasho kama sisi. Joto lake hulitolea zaidi masikioni, na likishapita nyuzi 30 anaanza kuhema na kujinyoosha ubavuni. Dume akipigwa na joto kali anaweza kupoteza uzazi kwa wiki kadhaa, ukampandisha na usione kitu, ukadhani jike ndiye mwenye kasoro. Chini ya bati jeupe la Februari hapa Malindi hiyo ni hukumu ya kifo. Bwana Mifugo ana makuti, ana miti, na saa sita mchana anapitisha chupa za soda zilizojazwa maji na kugandishwa. Kila sungura anapata yake na kujilaza ubavuni mwake. Mie nami nafanya hivyo hivyo uani, na friji yangu ya nyumbani nusu yake ni chupa.

Sasa nije kwenye ununuzi wenyewe, maana hapo ndipo alipoipata imani yangu. Nilimwambia nataka jike mzuri. Hakuniuliza nina shilingi ngapi, aliniuliza namtakia nini. Nikamwambia nataka wa kuzaa, na akiwa wa kusimama mezani mbele ya hakimu kwenye mashindano ya sungura nitafurahi zaidi. Akatoa watatu, akawaweka juu ya meza iliyotandikwa kipande cha zulia wasiteleze, na kwa kila mmoja akaanza na kasoro. Huyu mgongo wake unaanza kushuka kabla ya kufika nyonga. Huyu mapaja yamejaa lakini manyoya ni mepesi, ukiyapapasa kinyume hayarudi haraka. Huyu wa tatu masikio yake ni membamba kidogo kwa kichwa chake, ila mabega, kiuno na nyonga vimekamilika, na huyo ndiye angemchagua yeye.

Halafu akamgeuza chali mkononi, akanionyesha meno. Meno ya mbele ya juu yatangulie, ya chini yakae nyuma yake. Yakikutana ncha kwa ncha au ya chini yakatoka nje, huyo si wa mezani na si wa kuzalisha, kwa kuwa meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, na yasiposagana yatarefuka mpaka ashindwe kula. Akanionyesha kucha, ndani ya masikio kama kuna ukoko wa upele, macho, na jinsia. Akanifundisha kumbeba, mkono mmoja kwenye ngozi ya mabega na wa pili ukishika makalio, uzito wote ukae kwenye huo wa chini. Sote tumekua tukiona sungura wakining'inizwa kwa masikio. Kwa Bwana Mifugo ukimshika sungura namna hiyo atakurudishia pesa zako na hakuuzii, nami nakubaliana naye kabisa.

Unapoondoka unapewa karatasi ya ukoo. Ina wazazi, mabibi na mababu, na kizazi cha juu yao, jumla wahenga kumi na wanne, kila mmoja na namba yake, rangi yake na uzito wake alipokomaa. Namba ya sungura wako imechorwa kwa wino ndani ya sikio la kushoto. Huu ni utaratibu wa chama cha wafugaji wa sungura cha Marekani, ARBA, kilichoanza mwaka 1910: sikio la kushoto ni la mfugaji, la kulia huachwa kwa msajili wa chama. Waingereza wao huvalisha pete kwenye mguu wa nyuma sungura angali mdogo. Baba anatumia wino kwa sababu pete, anasema, humkwama sungura akinenepa na huku hatuna mazoea ya kuikagua. Mbegu yake ya kwanza aliipata kwenye shamba la serikali la Ngong, na tangu hapo ameiandika kwa mkono katika madaftari makubwa ya mistari. Ukitaka kuyaona anakufungulia.

Watu husikia New Zealand White wakadhani ametoka New Zealand. Alitengenezwa Marekani. Jike mzima hufika kati ya kilo 4.5 na 5.4, dume kati ya 4.1 na 5. Huyu ndiye ninayempendekeza kwa anayeanza, kwani ni mtulivu, anazaa vizuri, ana maziwa, na kasoro zake zinaonekana wazi, kwa hivyo anakufundisha macho. California White yuko karibu naye kwa umbo. Alianzishwa na George West huko California mnamo 1923, naye ni mweupe mwenye pua, masikio, miguu na mkia wa rangi nyeusi.

Hapo kwenye weusi ndipo penye somo kubwa kwa sisi wa pwani. Rangi ile hutoka pale tu ngozi inapokuwa ya baridi, ndiyo sababu inakaa kwenye ncha za mwili. Watoto wake huzaliwa weupe watupu kwa sababu walikuwa kwenye joto la tumbo, na weusi huja polepole wiki zinavyosonga. Mlete California kutoka baridi ya Nyandarua akiwa na pua nyeusi ti, mweke Malindi Januari mpaka Machi, manyoya mapya yakiota utamkuta na pua ya kijivu na masikio kama yaliyopauka kwa jua. Hakubadilika damu, ni hewa. Wengi hudhani wametapeliwa. Bwana Mifugo anakwambia mapema, na kwa miaka amekuwa akibakiza wale ambao weusi wao unavumilia zaidi. Dume wangu alipauka kidogo masikioni kaskazi iliyopita, na kusi ilipoingia akarudi vizuri. Wa jirani yangu, aliyenunuliwa kwingine bara, alibaki na kivuli tu puani. Kwangu hili peke yake linatosha kumlipa Baba zile 3,000.

Ana pia Chinchilla wenye rangi ya kijivu iliyochanganyika, ukipuliza manyoya yao yanafunguka na kuonyesha pete za rangi hadi kwenye ngozi. Ana Dutch, wale wadogo wa kilo mbili na ushee, wenye mkanda mweupe mabegani na mstari mweupe usoni. Ana Flemish Giant wachache. Kuhusu hawa wa mwisho nitasema baadaye, sikubaliani naye.

Lakini kilichonifanya niandike maoni marefu hivi ni ile siku ya mezani, yaani ya mashindano. Wateja wake wote hualikwa, bure, kipindi cha kusi kati ya Juni na Septemba hewa ikiwa imepoa. Nje ya miezi hiyo hataki kusikia, kwa sababu joto na mtikisiko wa safari vikikutana sungura anaweza kukufia njiani. Unakuja na sungura wako ndani ya kisanduku chenye matundu, unajiandikisha, na meza ndefu inapangwa chini ya miembe. Baba mwenyewe hahukumu, maana nusu ya sungura waliopo ni wajukuu wa banda lake. Huita mwenzake wa zamani wa kazini atoke Kilifi, mtu mkimya mwenye mikono mipana, ambaye hamtazami mwenye sungura usoni hata mara moja.

Wanafuata kitabu cha viwango. Kila mbegu ina alama zake 100, zimegawanywa kwa umbo, manyoya, rangi, kichwa na masikio, na mgawanyo hautoki sawa kwa mbegu zote. Kwa New Zealand umbo ndilo linalobeba sehemu kubwa, kwa kuwa ni sungura wa nyama. Kwa Dutch madoa ndiyo yanayotazamwa kwanza. Wanagawanywa madume na majike, kisha kwa umri. Wa chini ya miezi sita wana kundi lao, wakubwa lao, na kwa mbegu nzito kuna kundi la katikati la miezi sita hadi minane. Sungura anawekwa miguu ya mbele chini ya macho, ya nyuma chini ya nyonga, kisha hakimu anapitisha kiganja kutoka shingoni hadi mkiani. Kila analosema karani analiandika kwenye kadi. Karani siku hizi ni bintiye Baba, na mwandiko wake unasomeka.

Kadi hizo nimeziweka zote kwenye bahasha moja. Ya kwanza ya jike wangu ilisema: mabega mazuri, nyonga imejaa, manyoya yanakaribia kupukutika, masikio membamba. Neno masikio nililisikia tangu siku ya kumnunua. Mtu aliyekuuzia sungura na mtu asiyekujua wakisema kasoro moja, ujue hukudanganywa. Alishika nafasi ya tatu, nami nilifurahi kama niliyeshika ya kwanza. Zawadi ya mshindi ni gunia la chakula cha sungura na sufuria, na sufuria hiyo hupikiwa pilau mchana huo huo, kila mtu akachangia.

Waliokaa kwenye mkeka ule wa pilau ndio marafiki zangu wa leo. Bila sungura nisingewajua. Kuna Mwalimu wa Gede, mstaafu, Mgiriama, anayefuga Dutch peke yao. Hebu fikiria subira ya mtu huyo: madoa ya Dutch hayabadiliki, yalivyo siku ya kuzaliwa ndivyo yatakavyokuwa, na katika uzao mzima unaweza usipate hata mmoja ambaye mkanda umenyooka na weupe wa vidole vya nyuma umekomea pale panapotakiwa. Mwalimu hupiga magoti kwenye kisanduku cha kuzalia, anawaangalia wakiwa bado hawajafumbua macho, na anajua papo hapo. Wasiofaa mezani huwapa watoto wa jirani wenye nafasi ya kuwatunza. Kila akija mjini kuchukua pensheni lazima apite dukani, tunywe kahawa, na mazungumzo ni sungura mpaka wateja wangu wacheke.

Kuna kijana wa bodaboda wa Maweni. Ananiita Mama Leso. Ana Chinchilla watano na anaishi chumba kimoja, vizimba viko ubavuni mwa ukuta upande wa kivuli. Mwaka mmoja alileta dume mzuri kuliko wote waliokuwepo, kila mtu aliona, hata hakimu alimrudia mara mbili. Kisha akaziangalia kucha, akakuta mguu mmoja una ukucha mweupe na zilizobaki ni za kiza. Kucha zisizolingana humtoa sungura moja kwa moja. Kijana hakusema neno, akamfunika dume wake na shuka akaenda kukaa kando ya pikipiki. Mwalimu alimfuata. Sijui waliongea nini, nilichokiona ni kwamba Mwalimu alirudi akiwa amebeba kisanduku cha kijana na kijana amebeba cha Mwalimu, na tangu siku hiyo wanapeana usafiri. Dume yule hakusimama tena mezani. Mwaka uliofuata kijana alinunua dume mwingine kwa Baba kwa malipo ya kidogo kidogo, shilingi mia mbili mbili kila akipata, na Baba aliandika kwenye daftari bila kumkumbusha deni hata siku moja.

Kuna Sinyora, Mtaliano aliyekaa Malindi muda mrefu kuliko baadhi ya majumba ya Casuarina. Kwao sungura ni chakula cha kila nyumba, alikua akiwaona kwa bibi yake, na Kiswahili chake kina lafudhi yetu ya hapa. Yeye ndiye aliyetufundisha kuandaa manyoya kwa mikono iliyolowa maji kidogo, unapapasa kutoka mkiani kwenda kichwani kisha unarudi, nywele zilizokufa zote zinabaki viganjani. Hatumii kitana kwa hawa wa manyoya mafupi. Alituletea pia ile tabia ya kutazama uzito kila Jumamosi kwa mizani ya jikoni, tukaweza kujua mapema nani anaumwa. Sungura huficha ugonjwa mpaka siku ya mwisho, lakini mizani haimfichii.

Mamangu alipolazwa, nikawa nashinda hospitali na kulala huko, sikumwomba mtu. Kijana wa Maweni alipita nyumbani, akaona chakula kimeisha vyomboni, akamwuliza jirani. Kuanzia jioni ile alikuja asubuhi kabla ya kuanza kazi na jioni tena, akawapa maji, akakata majani ya mlonge na kuyaacha yanyauke kwanza kama tulivyofundishwa ili wasivimbe tumbo, akapitisha chupa za barafu mchana akiwa na abiria wa kuelekea Shella. Jike wangu alikuwa na mimba. Mimba ya sungura ni siku 28 hadi 31 hivi, na alijua hesabu, kwa hiyo alimwekea kisanduku cha kuzalia chenye nyasi kavu kwa wakati wake. Akazaa akiwa chini ya mkono wa kijana yule, akang'oa manyoya ya kifuani akawafunika watoto, wote wakaishi. Mamangu alipotoka hospitalini Sinyora alikuja na supu, Mwalimu akaja na mkewe, wakakaa barazani mpaka Isha. Mama alinong'ona kuniuliza hawa ni jamaa wa upande gani.

Nalisema hili kwenye maoni ya bidhaa kwa makusudi. Ukinunua kwa muuzaji wa kando ya barabara unapata sungura. Kwa Baba unaandikwa kwenye daftari, na siku moja atakupigia kukwambia kuna mtu Muyeye ana jike wa ukoo wenu, dume wake amekufa, je unaweza kumsaidia na wako? Utakubali, naye ataleta jike kwako. Daima jike ndiye anayepelekwa kwa dume, kwa sababu jike hulinda kizimba chake na anaweza kumrarua mgeni. Atakaa kidogo, mtakunywa chai, na mtajuana. Nahodha mmoja wa Lamu alipata jozi yake namna hiyo hiyo, wakasafiri kwa basi la alfajiri mpaka Mokowe kisha kwa boti, wakati wa kusi, sanduku likiwa kivulini. Anatutumia picha kila uzao.

Kasoro zipo na nitazitaja, maana yeye mwenyewe angetaka hivyo. Simu haipokei kuanzia saa saba mpaka saa kumi, uwe na dharura au usiwe nayo. Karatasi ya ukoo ameiandika kwa wino wa kalamu ya kawaida na yangu imeanza kufutika kwa unyevu wa pwani. Ipige picha siku hiyo hiyo, na uifunge kwenye nailoni. Vizimba anavyouza sivipendekezi. Ni vya wavu uliopakwa zinki, lakini kwetu sisi tulio karibu na bahari chumvi ya upepo huula, na ndani ya misimu michache pembe zinaanza kuchoma. Kwa Ganda vinadumu, kwa Shella havidumu. Mwambie fundi wako wa mbao akutengenezee fremu, na wavu uubadilishe unapoona kutu, kabla haujamjeruhi nyayo.

Na hao Flemish Giant. Ni viumbe wa kupendeza, wakubwa kuliko sungura wote aliowahi kuwaona mtu wa hapa, na watoto wanawakimbilia. Lakini mwili mkubwa kiasi hicho katika joto letu ni mateso, na uzito wao kwenye sakafu ya waya huwapa vidonda vya visigino. Baba anawawekea ubao mpana wa kulalia na anawahudumia vizuri, sikatai. Naona tu kwamba asiwauze kwa watu wa pwani wasio na banda kama lake. Nimemwambia hivyo mbele ya wengine kwa heshima, akanisikiliza, akasema atawauza kwa wale tu ambao amekwenda kuona kwao. Ameanza kufanya hivyo. Ningependa aache kabisa.

Kuna wanaolalamika kwamba haleti sungura mjini na hauzi kuanzia Januari hadi Machi. Kwangu mimi hiyo ni sifa. Mtu anayekataa pesa yako Februari kwa sababu sungura atateseka kwenye tuktuk ni mtu wa kununua kwake Julai.

Kwa anayetaka kwenda: piga simu asubuhi, mwambie mbegu gani na kwa kazi gani. Orodha ya wanaongoja ni ndefu, hasa ya Dutch, na huenda ukangoja miezi. Anapokea M-Pesa, nusu unapoagiza na nusu unapochukua. Chakula cha kwanza cha wiki moja hukupa mwenyewe ndani ya bei, ukichanganye na cha kwako kidogo kidogo ili tumbo la sungura lisishtuke. Akiugua katika mwezi wa kwanza anakuja nyumbani bila malipo, umlipie nauli tu. Nenda na kisanduku chako chenye matundu, hana cha kukuazima. Na usiende Ijumaa mchana wala Jumapili asubuhi, siku hizo wasaidizi wake wako msikitini na yeye yuko kanisani.